Barua Mbaya Niliyoandika Kuhusu Steinar

Namsos, Norwe
14 Novemba 1999

Dada mpendwa Gunnvor,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mguu wako umepona? Na baridi ya huko Winnipeg mnaiwezaje? Sisi hatujambo, ila mke wangu Aslaug anakohoa kidogo.

Habari kubwa ni ya mdogo wetu Steinar. Wamemkubalia malipo ya ulemavu. Utadhani nafurahi, kumbe naandika kwa aibu.

Unakumbuka alivyorudi kutoka kulinda amani Lebanoni. Nilimpa kazi katika kiwanda cha mbao, nilikokuwa msimamizi. Msumeno mkubwa ukiwashwa, yeye anatoka nje. Siku nyingine haji kabisa. Wenzake wakambandika jina la "Likizo", nami nikacheka nao. Alipoomba malipo hayo mwaka 1992, ofisi inayoyatoa iliniandikia kuuliza hali yake kazini. Nilijibu mstari mmoja: si mgonjwa, ni mvivu. Wakamkataa. Miaka saba ameishi kwa vibarua.

Agosti akatutembelea Kolbein, aliyekuwa naye kikosi kimoja. Mezani akasimulia, akidhani najua, jinsi gari lao lilivyokanyaga bomu, na Steinar akakaa saa tatu amempakata dereva mpaka akakata roho.

"Kwani hajakwambia?"

"Sijawahi kumuuliza," nikasema.

Kesho yake niliiandikia ofisi upya, nikakiri kosa langu, na Kolbein akatoa ushahidi wake. Jumapili iliyopita Steinar akaja na jibu mkononi, akanishukuru mbele ya Aslaug. Nikashindwa kuvumilia.

"Usinishukuru. Mara ya kwanza ni mimi niliyekuharibia."

"Najua, kaka," akasema, huku akijimiminia kahawa. "Walinitumia nakala ya barua yako zamani hizo."

"Na Krismasi zote hizi unakuja kula kwangu?"

"Sasa ningekula wapi? Kaka ninaye mmoja tu."

Dada, angenitukana ningepata nafuu. Tafadhali mpigie simu. Muulize habari za Lebanoni, kama atakubali kusema. Mimi kaka mtu bado sijui nianzie wapi.

Nisalimie shemeji Ross na binti yenu Ingunn. Mungu awatunze huko mliko, na atupe sisi wa huku muda wa kutengeneza tulichoharibu.

Mdogo wako akupendaye,
Oddvar