Paneli Juu ya Kichanja cha Kahawa

Jumatatu, 14 Julai
Saa mbili asubuhi nimepima paneli ya jua kama kawaida. Volti kumi na tisa. Safi. Saa nne na nusu kompyuta zote sita zimezima katikati ya kipindi cha Kidato cha Tatu. Darasa zima likaguna. Kompyuta zenyewe ni vibao tu, kimoja hakizidi kipande cha sabuni, na bado vinakufa njaa. Mkuu wa shule akapita mlangoni, akachungulia, akatabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumanne, 15 Julai
Nimejua alichokuwa anatabasamia. Bodi ya shule inakaa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 25, na itakuja kuziona kompyuta zikifanya kazi. Zikizima mbele yao, paneli na betri vinahamia ofisi ya walimu, kwenye televisheni. Mkuu ni mtu wa mpira. Somo la kompyuta litabaki la ubaoni, nichore kibodi kwa chaki. Nina hasira mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemkamata mchawi. Ni nyaya! Nyembamba tena ndefu, umeme unaishia njiani, ndiyo maana alama ya radi ya njano hutokea kwenye kioo kabla ya kuzima. Nimeweka waya nene na fupi. Nimebadilisha na kile kifaa cha kushusha volti kumi na mbili ziwe tano. Alama imepotea. Mimi ni fundi. Leo nimeongeza ugali.

Ijumaa, 18 Julai
Zimezima saa nne kasoro. Mapema kuliko Jumatatu. Memori kadi mbili zimeharibika kwa kukatika ghafla, nimeweka zangu za akiba. Mimi si fundi.

Jumamosi, 19 Julai
Nimepeleka betri Mbinga mjini kwa bodaboda, nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Fundi kaipima. Nzima kabisa, kasema, ila tupu. Angenichajia, lakini mjini umeme ulikuwa umekatika. Nimerudi nayo ikiwa tupu vilevile, na mgongo unauma.

Paneli nzima, betri nzima, waya mpya. Basi kuna mtu anayekunywa umeme wangu.

Jumatatu, 21 Julai
Nimewashuku Kidato cha Tatu kuchaji simu kwa siri. Nimepekua madawati yote. Nimekuta viazi vitamu vya kuchemsha, kioo cha kujitazamia, na barua ya mapenzi isiyo na jina la mwandikiwa. Simu hakuna. Nimewafyekesha uwanja hata hivyo. Nilijua ninakosea wakati nawaonyesha pa kuanzia.

Mkuu kaniuliza, kwa upole sana, kama waya wangu utafika kwenye televisheni.

Jumatano, 23 Julai
Niandike taratibu.

Paneli iko nyuma ya maabara, juu ya kichanja cha mwisho cha kuanikia kahawa. Mkuu alikataa bati zitobolewe, na Mama Ndunguru, anayetunza kahawa ya shule, akanigawia kichanja kimoja kati ya vyake. Huwa naikagua asubuhi na saa kumi. Mchana nina vipindi. Leo saa sita nimekumbuka kwamba nimeacha kipima volti kulekule nyuma, nikatoka darasani kukifuata. Nikamkuta Mama Ndunguru anafunika kahawa kwa turubai, kichanja baada ya kichanja. Akafika kwenye paneli. Akaifunika pia. Akachomekea pembe, akaweka jiwe kila upande, akaigonga kidogo kwa kiganja.

Nikasema shikamoo, kwa sababu hakuna neno jingine lililokuja. Nikamuuliza ameanza lini. Tangu msimu uanze. Kila siku, saa sita mpaka saa tisa, hajakosa hata siku moja.

"Jua la saa hizi linapasua, Mwalimu. Ungeiacha wazi ingekuwa imekwisha zamani."

Mimi ni mtu wa Liuli, kando ya ziwa. Kwetu usipa, dagaa wa ziwani, ndio unaoanikwa kwenye vichanja, na jua likizidi tunashukuru. Ya kahawa kufunikwa mchana isipasuke nilikuwa siyajui. Miaka miwili niko huku Umatengoni nafundisha watoto nishati ya jua, na sijawahi kutoka nje saa sita.

Nimemweleza kwamba jua la saa hizo ndilo linalojaza betri. Amenisikiliza mpaka mwisho. Amekubali kwa sababu ni yangu, lakini ikipasuka, kasema, yeye hayumo.

Alhamisi, 24 Julai
Ukungu tangu alfajiri. Milima haionekani. Betri ina robo, na kesho ndiyo bodi. Nimefundisha bila kujua ninafundisha nini.

Saa sita na nusu jua likatoka, kali. Nikaacha darasa, nikakimbia nyuma nikihofia Mama Ndunguru ameifunika kwa mazoea. Kahawa yote imefunikwa. Paneli iko wazi, na Mama Ndunguru anaifuta vumbi kwa khanga, uso ameukunja. Alikaa hapo mpaka saa tisa akiilinda isipasuke. Betri imejaa. Nilitaka kumkumbatia, nikaogopa.

Ijumaa, 25 Julai
Bodi wamekuja saa tatu. Mwenyekiti ni mzee mstaafu. Alikataa kuonyeshwa, akakaa mwenyewe, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Dakika kumi nzima. Nilihesabu. Kioo hakikucheza. Wamesema kompyuta zibaki zilipo, na paneli ibaki. Mkuu alipiga makofi kwa vidole viwili.

Walipoondoka niliwaomba radhi Kidato cha Tatu kwa upekuzi na kwa uwanja. Kisha msichana wa dawati la mbele akauliza kama wanaweza kuendelea na kazi ya Jumatatu ile kompyuta zilipozima, maana hawakuwahi kuimaliza. Nikasema waendelee. Nikakaa nyuma. Hakuna aliyeniita. Kengele ikalia, kompyuta zote sita zinawaka, na hakuna aliyenyanyuka.