Wimbo Ulioutangaza

Mungaa, Singida
Juni 1974

Kwako Baba Theresia,

Sisi wazima, na siku hizi Theresia halali bila kushika picha yako. Kumbe ukimaliza stashahada ya uandishi wa habari unaunganisha moja kwa moja na shahada! Mama yako alipiga vigelegele, kisha akaniuliza shahada ni kitu gani. Unganisha, mume wangu. Nitasubiri, ingawa kitanda kina baridi.

Jumapili tulikusikia redioni. Kijiji kipya kizima kilinyamaza, nami nikajitapa, "Huyo ni wangu!" Ukasema wanawake wa Mungaa wamehamia kijiji cha ujamaa wakiimba kwa furaha, halafu ukaweka wimbo wetu.

Baba Theresia, wimbo ule unaujua. Ndio tuliomzikia baba yako. Siku ya kuhama malori yalikuja mtama ukiwa bado shambani, na nyumba yetu ikabomolewa tukitazama. Mtu wa redio alikuwepo na mashine yake ya kunasa sauti. Mama yako ndiye aliyeanzisha wimbo. Ile sauti ya kwanza, iliyokwaruza, ni yake.

Hapo redioni aliisikia, akainama. Baadaye akasema nikuandikie kwamba umesoma vizuri, na usiache kula.

Najua maneno yale ulipewa tu uyasome. Sijakasirika sana. Ila ukifika kwenye hiyo shahada, waulize walimu wako watawafundisha mwaka wa ngapi kusema kwamba tulikuwa tunalia.

Akupendaye hata akinuna,
Mama Theresia