Ulimbeba Ndama, Aabo

Aabo,

Miezi mitatu sasa tangu tukuzike huko Bura, na watu bado wanakusifu: mfugaji hodari, mtu wa swala, hakulaza watoto wake njaa. Kweli tupu. Ila hakuna hata mmoja anayesema aliwahi kukuona umenibeba.

Nakumbuka mwaka ule wa ukame, ngamia wetu mwekundu alipozaa njiani. Ulimfuta ndama ute puani kwa kikoi chako, ukambeba kifuani hadi kambini, ukimwimbia. Mimi nilikufuata nyuma, nyayo zimepasuka, nikimwonea wivu mnyama! Ulituambia ndama asiyezoea mkono wa mchungaji angali mchanga humkimbia akikua. Ulijua, Aabo. Ulijua, na sisi watoto saba ukamwachia Hooyo, mama yetu, mpaka tulipoweza kushika fimbo ya kuchungia.

Nimesoma vitabu kuhusu hilo. Nimegombana na masheikh, walimu na wakubwa wa kaunti, nikiwaambia mtoto humjua baba kwa harufu, sauti na mikono, si kwa kukariri ukoo. Garissa nzima inaujua mdomo wangu.

Basi sikia aibu yangu. Siku ya tatu ya matanga yako, Yusuf wangu, wa miezi mitano, alilia ndani kwa wanawake. Nikaenda kumchukua, nikarudi naye chini ya turubai. Akanyamaza begani kwangu. Kaka yako, Adeer Farah, akapaza sauti: "Wallahi, huyu ameota matiti! Mrudishe kwa mama yake, wanaume wanaongea."

Wazee wakaangua kicheko. Nami, simba wa mikutano, nikainuka, nikamrudisha. Akilia.

Tangu siku hiyo namkwepa. Nikimshika sasa anajipinda, ananyoosha mikono kwa mama yake. Ananitazama kama nilivyokutazama wewe: mgeni mwenye ndevu.

Ijumaa nitamleta Bura. Nitamfunga kifuani kwa kikoi chako kile kile; Hooyo alinipa mimi. Alie njia nzima akitaka, simpi mtu. Nitapita naye mbele ya Adeer Farah na baraza lake lote, wacheke mpaka wapaliwe na chai. Kisha nitasimama naye kaburini pako, tukuombee dua.

Mungu akusamehe, Aabo. Mimi bado sijaweza.

Mwanao,
Abdi