Matumbo ya Rangi ya Chungwa

Jumatatu, 3 Julai
Samaki wa mke wangu wametaga. Yeye yuko hospitali, hajafumbua macho tangu upasuaji – na wao wamechagua wiki hii! Mayai yameganda kwenye jani pana ndani ya tangi, kona inayotazama kiti chake. Nimewahamishia wazazi kwenye ndoo kabla hawajayala. Aliniachia agizo moja tu alipokuwa anaingizwa chumba cha upasuaji: wakitaga, vifaranga wasife. Nikasema sawa. Ni sawa.

Alhamisi, 6 Julai
Wameanguliwa. Kope zenye macho. Wananing'inia kwenye kioo, bado wanaishi kwa akiba ya yai. Mdogo wake mke wangu, ambaye ana ufunguo na huniletea chakula, alichungulia tangi akacheka: shemeji, wadudu hao utawalisha nini, magazeti?

Jumapili, 9 Julai
Wanaogelea. Miili kama maji, tumbo linaonekana lote. Nimechemsha yai, nikakamulia kiini tangini kupitia kitambaa. Chembe tu, kikizidi, maji yanaoza na wote kwisha. Matumbo yakawa ya manjano hafifu. Vizuri.
Mke wangu huwapa vijikamba. Huangua mayai yao kwenye chupa ya maji ya chumvi, kisha huwanyunyizia vifaranga kwa ncha za vidole. Mimi kazi hiyo siiwezi. Kopo la mayai ya vijikamba liko kwenye friji, halijafunguliwa.

Jumatatu, 10 Julai
Asubuhi, yai hata halijaingia sufuriani – matumbo yamejaa! Rangi ya chungwa. Nikampigia muuza samaki wa mapambo. Akasema hao wamekula vijikamba, mzee, yai halitoi rangi hiyo. Kumbe kazi unaijua! Kopo bado limefungwa. Chupa ya mke wangu ni kavu.
Nikambana shemeji. Akaapa: mimi na wadudu wako wapi na wapi! Nikamwomba ufunguo. Akanuna, akatoa. Gazetini wananiita Bwana Thibitisha. Chanzo kimoja sichapishi. Nimemwaga unga sakafuni kuzunguka tangi.

Jumatano, 12 Julai
Unga haujakanyagwa. Matumbo ya chungwa tena.
Wamesongamana kwenye kona ya kiti, vichwa juu, kama watu wanaosubiri dirisha la keshia lifunguliwe. Kiti ni kitupu. Nikasimama upande wa pili, nikapunga mkono, nikagonga kioo. Hakugeuka hata mmoja.
Nikachovya kidole pale kwenye kona yao, nikaonja. Chumvi. Upande wangu, maji matamu.

Ijumaa, 14 Julai
Hospitali. Muuguzi wa zamu ni mcheshi. Aliniuliza kama mama ni mpishi, maana kila kukipambazuka vidole vyake vinatia chumvi kwenye mchuzi wa watu. Nikakaa, nikaangalia. Kweli. Kidole gumba na cha shahada vinasuguana, polepole, mkono umening'inia nje ya kitanda. Uso hauna habari. Daktari anasema ni mishipa tu, nisijipe matumaini.
Chini ya kucha kulikuwa na chembe nyeupe. Nikaonja.
Sasa nina vyanzo viwili. Nimeandika habari za mafuriko na za mochwari. Hii sijui ni ya ukurasa gani.
Nimeacha kutoa yai. Tukiwalisha sote wawili, maji yataoza.

Jumamosi, 15 Julai
Chungwa. Wamekua, mapezi yanaonekana. Shemeji kaja bila kununa, kasimama mlangoni, kauliza kwa nini sebule inanukia mafuta ya nywele ya dada yake. Nikasema sijui. Ni kweli, sijui. Hakuingia.

Jumapili, 16 Julai
Matumbo ni matupu. Yote. Naona mpaka mawe ya upande wa pili.
Wako kwenye kona yao, vichwa juu. Wanasubiri. Nimesubiri nao. Jua limeshapanda ukutani – hakuna kitu. Nimeonja maji. Matamu.
Nimebandika yai jikoni. Halijachemka bado. Simu inaita – namba ya wodi. Imekatika. Sijapokea. Nitapokea, acha kwanza niandike nilichokiona, maana nimekiona mara moja tu na sina shahidi.
Wameacha kiti. Wamegeuka kwa pamoja, wamekuja upande wangu wa kioo. Wote. Vichwa juu.
Simu inaita tena –