Namtaka Daktari wa Akili Atakayenirudisha Kwenye Kreni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila huruma usinitumie, maana hiyo ninayo tele hapa nyumbani na haijanifaa kitu. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja, mke wa mtu na mama wa mabinti wawili, na kazi yangu ni kuendesha kreni kwenye majengo marefu, mwaka wa kumi na mbili sasa, na pale kazini wananiita Mama wa Juu kwa sababu asubuhi napanda vipandio mia moja na themanini mpaka kwenye kibanda cha kioo na sishuki mpaka saa ya kula. Basi miezi saba iliyopita nilikuwa nainua fungu la nondo, mnyororo ukakatika, nondo zikamwagika kama njiti za kiberiti, na fundi mmoja aliyekuwa chini akavunjika mguu mahali pawili. Wakaguzi walisema mnyororo ulikuwa mbovu na mimi sina kosa, na hata huyo fundi, ambaye sasa anatembelea magongo, alinipigia simu akasema, "Mama wa Juu, rudi bwana, huyu waliyemweka badala yako anatuteremshia matofali kama anamwaga taka." Nikacheka, nikakata simu, nikalia. Maana siwezi kurudi, mshauri. Nikifika kipandio cha kumi miguu inagoma, mikono inang'ang'ania chuma, nausikia ule mlio kana kwamba nondo ndiyo kwanza zinaanguka, na mara mbili wenzangu wamenishusha kama wanamshusha paka kutoka juu ya paa.

Nilikwenda kwa daktari wa magonjwa ya akili, mwenyewe, bila kumwambia mtu, na nilipokuja kumweleza mume wangu alifunga mlango kwanza ndipo akauliza, "Kwa hiyo wewe sasa ni kichaa?" Nikamjibu, "Nilipoumwa jino mbona hukuniuliza kama nimekuwa jino?" Daktari alinipa vidonge, nikaanza kulala, hofu ya mchana ikapungua, sikatai, lakini kupanda nilishindwa vilevile, na yeye kila nikienda ananipa dakika nane, anaandika bila kuinua uso. Ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akanipeleka kwa mtu wanayemwita Kocha, ana ofisi juu ya duka la kutengeneza simu, anatibu kwa kitu kinaitwa NLP, ambacho alinieleza kuwa ni kuipanga upya akili kwa maneno na kwa picha unazojijengea kichwani. Akanifumbisha macho, akaniambia niione ile ajali kama filamu kwenye runinga, niifanye ndogo, niiondoe rangi, niirudishe nyuma mpaka nondo zipande zenyewe angani. Sikudanganyi, nilitoka pale nikiwa mwepesi, na kesho yake nikapanda vipandio ishirini na tano.

Mara ya tatu akaniambia, "Vidonge hivyo ndivyo vinavyokufunga. Vitupe. Chagua, mimi au daktari wako." Nikavimwaga chooni vyote. Siku ya tano nikawa sokoni nimeshika kapu natetemeka mwili mzima, kizunguzungu, moyo unakimbia, nikakaa chini katikati ya watu mpaka binti yangu mkubwa alipokuja kunichukua. Nikarudi kwa Kocha, nikamuuliza udaktari amesomea wapi, akanionyesha cheti cha mafunzo ya siku tatu, akasema shida yangu ni kwamba sitaki kupona. Nikamwambia, "Kaka, mimi nimeinua tani nne kwa kidole kimoja, usinifundishe kutaka." Nikatoka.

Sasa mimi nataka hivi: daktari wa akili wa kweli, mwenye leseni, ambaye pia anaitumia hiyo NLP, vyote kwa mtu mmoja. Kwa daktari wangu naona aibu kurudi, maana niliwahi kumtajia jambo hilo akacheka. Mume wangu anasema, "Daktari si fundi wa nguo umwambie punguza hapa, ongeza pale." Mama yangu anasema niache kreni nikae getini niandikishe wageni, nafasi ambayo msimamizi amenitengea ikiwa mwezi ujao utaisha sijapanda. Mimi sikai getini. Jumatatu nimepanga kupanda, nife nipone, hata kama nitafika kibandani natambaa. Je, ni kosa mgonjwa kujichagulia daktari? Na huyo ninayemtaka nitampata wapi?

Mama wa Juu

*

Mama wa Juu,

Si kosa. Libandike hilo kwenye ukuta wa jikoni walisome wote. Mumeo kasema daktari si fundi wa nguo. Lakini kama fundi tunamwambia suruali inabana kiunoni, sembuse mtu aliyeshika akili zetu? Ulikwenda hospitali mwenyewe, bila kusukumwa, katika nyumba ambayo mlango hufungwa ugonjwa ukitajwa. Hapo nakuvulia kofia.

Sasa kaa chini nikugombeze. Dawa uliyopewa na daktari, ukaimwaga chooni kwa amri ya mtu mwenye cheti cha siku tatu! Wewe ambaye usingemruhusu mtu wa mafunzo ya siku tatu aguse hata kiti cha kreni yako! Anayekuambia "chagua mimi au daktari wako" ameshakurahisishia kazi: mchague daktari. Na anayekulaumu kwamba hutaki kupona, huyo kaishiwa.

Kuhusu hiyo NLP, niliuliza kabla sijakujibu. Daktari wa akili ninayemwamini, mama mmoja mkali kunishinda, aliniambia: "Wako wenzetu wanaoazima mbinu zake, lakini ushahidi kwamba inatibu ni mdogo. Kwa mtu aliyetiwa hofu na ajali tunazo tiba za mazungumzo zilizopimwa zaidi, za kuikaribia ile hofu kidogo kidogo, ukiwa na mtu anayejua anachofanya." Sisemi hukuwa mwepesi siku ile. Nakuamini, na vile vipandio ni vyako, havikupandwa na Kocha. Lakini usihangaike na jina la mbinu. Tafuta mtu aliyesomea, anayekusikiliza, na ambaye hatakukataza kumuuliza mwingine.

Kesho rudi kliniki. Aibu iache nyumbani. Vidonge usivianze tena kwa akili yako, wala usijipimie. Mwambie daktari ulivyoacha ghafla na yaliyokupata sokoni. Kisha toa karatasi, maana dakika nane zinamtosha mtu aliyekuja na maswali yameandikwa, umsomee: "Kuna zoezi nilifanyishwa, likanisaidia kidogo. Wewe unalifanya? Kama hulifanyi, ni nani hapa anayetibu hofu ya ajali kwa mazungumzo?" Akicheka, msubiri amalize kucheka, halafu rudia swali. Asipokuwa na jibu, akuandikie barua uende kwa mwingine. Na huyo mwingine, hata akiwa na tai na kiti cha ngozi, muulize leseni yake, ukaihakikishe kwa baraza linalosajili madaktari. Muulize ametibu wangapi waliopata ajali, na kama njia yake isipofaa atafanya nini. Mwenye leseni haudhiki kuulizwa leseni.

Lile neno "nife nipone" nimeliona, usidhani nimelipita. Kama ni msemo tu wa mtu mwenye hasira, sawa. Kama kuna saa unawaza kufa kwelikweli, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie mtu akusindikize.

Na Jumatatu hupandi. Ndiyo, nimesema. Ujeuri wako naupenda, ndio uliokutoa kwa Kocha, lakini ukiganda kule juu huku mzigo unaning'inia, walioko chini ndio watakaoulipia. Unalijua hilo kuliko mimi. Mwombe daktari barua kwa msimamizi wako: yuko kwenye matibabu, atapanda daktari akiridhia. Getini ukikaa kwa muda, si kushindwa. Kaa, ila iandikwe kwamba nafasi yako ni kule juu, na nakala ya barua uwe nayo wewe.

Mama yako na wengine wanaokuombea uishie getini, waombe dua nyingine. Na mumeo nenda naye kliniki. Akae kwenye lile benchi la kusubiria aone walioketi hapo: mwalimu, mwenye duka, dereva, bibi aliyevaa vizuri kama anakwenda harusini, wote wanangoja kuitwa na hakuna aliyefungwa kamba. Na aibu ikimshika akasema turudi nyumbani, mwambie atangulie.