Bonifasi, Usitie Dole!

Jumatatu, 4 Agosti 2014

Mutaho. Roshanara amepiga simu kutoka Muyinga — mke wa Hakimuddin, mwenye duka ambako kaka yangu Bonifasi anabeba mizigo. Marobota ya vitenge yamepotea stoo, polisi wamemchukua Bonifasi. Roshanara anasema si yeye, lakini mumewe hasikii la mtu. Afisa amemwambia kaka atie dole kwenye karatasi, kisha arudi nyumbani. Karatasi yenyewe ya Kifaransa!

Namjua Bonifasi. Miaka yote ya ukimbizi kule kambini Kasulu, Tanzania, karatasi ikija unatia dole, unapewa unga. Ukiuliza imeandikwa nini, foleni nzima inakutukana. Huyo atatia tu, na asante atasema!

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wakili! Hapa Gitega, kwenye ofisi inayotusaidia sisi wakimbizi tuliorudi Burundi. Bure! Anaitwa Anisia. Kadogo, miwani imemzidi uso — nikasema moyoni, huyu ndiye? Kumbe! Sijamaliza hata kulalamika, ameuliza kama kaka ameshatia dole. Sheria inamruhusu kunyamaza mpaka wakili awepo, kasema, na kunyamaza si ujeuri. Neno la woga likishaandikwa, hakimu atalisoma hilohilo.

Haraka nikampigia Roshanara, maana ndiye anayempelekea chakula. Amwambie: usitie dole!

Baadaye. Simu ya Roshanara! Amemkuta dole limeshapakwa wino! Kamnong'oneza huku anamkabidhi sahani. Bonifasi akajifuta kwenye suruali, akasema anamsubiri avoka, wakili wake. Bonifasi! Asiyeweza kumkatalia hata mbuzi! Nimecheka mpaka nimelia.

Jumatano, 6 Agosti

Muyinga. Tumepitia Karuzi, vumbi mpaka kwenye meno. Anisia kaingia ndani, mimi kaniacha kwenye benchi nje — eti nina maneno mengi. Ni kweli, lakini si lazima kuniambia!

Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia yote. Kaisoma ile karatasi, akamtafsiria kaka kwa Kiswahili: mimi Bonifasi nilifungua stoo usiku. Halafu sauti ya kaka, taratibu:

"Sikusema hivyo. Nilisema ufunguo huwa nashika mimi."

Mungu wangu! Na hilo ndilo alitaka kulitilia dole! Nilitamani niingie nimkumbatie Anisia na miwani yake.

Sasa ameomba aongee na kaka peke yao. Wamefunga mlango. Afisa katoka, kaja kukaa kando yangu, mpole kama shemeji.

"Dada, kitenge kizuri. Iko ya wapi?"

Jamani! Nimekivaa kwa ajili ya leo. Bonifasi alininunulia Pasaka, duka hilohilo, kwa mshahara wake. Kweli tupu, na iko kwenye ncha ya ulimi. Nikiisema, si namsaidia kaka?

"Iko swali kidogo tu," kasema. "We unajibu, unatia sinyature, sahihi tu, mnaenda wote nyumbani."

Kalamu yake tayari iko juu ya karatasi. Na ufunguo wa kaka nao ulikuwa kweli tupu, ukaandikwa wizi! Na mimi, Melania, niliyewahi kunyamazishwa na padri katikati ya misa! Nimemwambia namsubiri wakili. Kaniuliza ninaficha nini.

Sijajibu. Naandika tu. Bado amekaa hapa, anakitazama kitenge. Anisia, toka basi —