Kinyaa cha Jengo la Pili

Minnesota, 9 Oktoba 2011

Mwanangu Gretchen,

Hujambo na baridi ya huko Denver? Mimi ni magoti tu, mengine yanakwenda. Baba yako Verlyn hajambo kwa maneno ya manesi. Kwa macho yangu, hapana.

Tangu apate kiharusi wamemlaza Jengo la Uuguzi. Mimi wameniacha huku kwa wazee wanaojiweza, katikati yetu uwanja wa kuegesha magari. Leo nilikwenda. Mlangoni tu mkojo wa jana unakupokea, umepuliziwa marashi ya limau. La kuvunda halina ubani. Wamemfunga bibu shingoni, kile kitambaa cha kukinga mate ya watoto, wanamlisha nyama iliyosagwa ikawa uji wa kijivu, na msichana anamwita "katoto kazuri". Mwanamume aliyekamua ng'ombe sitini kila alfajiri! Nilitaka kutapika. Nikachukua kijiko mwenyewe, akala.

Mama yako, Ardis

Denver, 20 Oktoba 2011

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila mume wangu ana mafua.

Najua unachofikiria, na jibu ni hapana. Majengo yote mawili niliyakagua mwenyewe. Hapo ulipo una chumba chako, ufunguo wako, na bafu huchangii na mtu. Wewe unayefuta kijiko cha mgahawani mara tatu, utalala vipi kule? Mtembelee Baba kila siku, kisha rudi kwako. Januari nesi mkuu atakupima aone kama bado unajiweza. Tafadhali mjibu vizuri, usimtolee ukali wako.

Binti yako, Gretchen

Minnesota, 11 Desemba 2011

Mwanangu,

Marahaba. Mkweo mpe pole, anywe supu ya kuku. Samahani, mumeo, hasira zimenivuruga.

Kumtembelea kila siku kumekwisha. Uwanja umeganda barafu, bibi mmoja wa huku kavunjika nyonga, basi wametupiga marufuku kuvuka bila mtu wa kutushika. Mtu huyo hupatikana Jumatano tu. Siku sita zilizobaki, manesi wakimlisha, baba yako hufumba mdomo. Amepungua ratili kumi na nane. Jumatano hii nilimkuta uji umemkaukia masikioni. Masikioni, Gretchen.

Nikamwomba nesi mkuu anihamishie kule. Akasema vitanda vya kule ni vya wasiojiweza. Mimi naoga, navaa, najua leo ni siku gani. Eti nimshukuru Mungu. Nimemshukuru, ila kwa hasira.

Mama yako

Denver, 12 Januari 2012

Mama yangu,

Shikamoo. Sijui kama barua hii utaisoma mwenyewe. Nesi mkuu amenipigia simu. Anasema Jumanne ulivaa gauni mbele nyuma, mwezi hukuujua, ukamwita yeye mama, kisha ukajikojolea kitini. Wewe, Mama? Kesho wanakuhamishia kule. Nimelia mchana kutwa. Ijumaa ya tarehe 27 nakuja, na nimekutafutia daktari wa ubongo akupime upya.

Binti yako

Minnesota, 19 Januari 2012

Gretchen,

Marahaba. Nimeisoma mwenyewe, tena bila miwani.

Daktari mwambie asije. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi, mwezi wa kwanza, na yule nesi, mama yangu asingemkaribisha hata jikoni. Nilikunywa kahawa vikombe vinne, nikabana, nikabana. Aliponiuliza mwezi nikaachia. Nilijichukia, mwanangu. Miaka themanini na moja sijapata kukalia uchafu wangu, na siku ile niliukalia mpaka ukapoa, yeye akinipigapiga begani akisema si neno, bibi, si neno.

Sasa kitanda changu kiko kando ya cha baba yako. Kunanuka vilevile. Jirani anatemea makohozi kwenye kikombe cha chai, na bibu nami nimefungwa. Kinyaa hakijaniisha hata chembe. Ila Verlyn anakula mara tatu kwa siku, mkononi mwangu. Manesi wanasema akili yangu imekwenda, mkono ndio umebaki na mazoea.

Barua hii ichome. Kila miezi mitatu wananipima tena, na macho yao hayabanduki kwangu. Kwa hiyo Ijumaa ukiingia nitakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nijibu taratibu, mbele yao, na usinikumbatie mpaka watoke.

Mama yako, Ardis